Mkono wa konda: rangi ya mwalimu inahusiana nini na shule za serikali za Marekani?

Kwenye group letu la WhatsApp la Waswahili wa Kentucky (Watanzania wachache, Wakenya kidogo, Wakongo ndo wengi kuliko wote) iliingia voisi ya mama mmoja wa Uvira, dakika tatu nzima, anasema mtoto wake wa darasa la kwanza kasimamishwa shule siku mbili kwa kosa la kusukumana kwenye foleni ya chakula. "Mutoto yangu haiko mubaya," anarudia, "haiko mubaya." Kabla hata watu hawajamaliza kuisikiliza, group lishagawanyika. Kuna waliosema huo ni ubaguzi wa rangi mtupu, mwalimu mzungu huyo hapendi watoto wetu, na kuna waliosema acheni kulialia, watoto wakifika huku wanapoteza adabu halafu kila kitu mnasingizia rangi. Katikati ya vurugu hiyo mmoja akatupia habari kwamba serikali ya Trump ilikata hela za kuandaa walimu kwa madai kwamba zilikuwa za mambo ya rangi, akauliza: jamani, hivi rangi ya mwalimu inahusiana nini na hesabu za kujumlisha?

Swali zuri sana, nami nililijibu mbiombio nikaeleweka vibaya, kwa hiyo hapa nalijibu kirefu. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa hesabu Morogoro, huku vyeti vyangu bado vinazungushwa kwa hiyo ni msaidizi wa darasa, yaani nakaa ndani ya chumba hichohicho tunachokibishania kwenye simu.

Tuanze na shule zenyewe. Nikisema shule za serikali nina maana zile za bure zinazoendeshwa kwa kodi, na kuna jambo moja ambalo hazifanani kabisa na za kwetu, nalo ni ajira. Tanzania unaomba, serikali kuu inakupangia kituo, ndo maana Mhaya anaweza kujikuta Tunduru anafundisha watoto wa Wayao na hakuna anayeshangaa. Marekani hakuna wa kukupangia. Nchi ina wilaya za shule kama 13,000, kila wilaya inatangaza kazi zake, inafanya usaili wake na kulipa watu wake, kwa hiyo sura za walimu unaowakuta shuleni zinategemea nani aliomba, nani alichaguliwa na nani alivumilia akabaki. Mwaka wa masomo wa 2020–21, ukiwachukua walimu 100 wa shule hizo, 80 walikuwa wazungu, 9 Walatino (wenye asili ya nchi za Amerika ya Kilatini), 6 weusi. Kwa wanafunzi mambo ni mengine: mwaka uliofuata, kati ya 100, wazungu walikuwa kama 45, Walatino 28, weusi 15. Ukiona hesabu hizo unaelewa kirahisi kwamba mtoto mweusi anaweza kuanza chekechea akamaliza sekondari bila kufundishwa hata mara moja na mtu anayefanana na shangazi yake. Hilo pengo kati ya sura za walimu na sura za wanafunzi ndo watu wanalolizungumzia wanaposema walimu wachanganyike. Hakuna kingine kilichofichwa humo.

Sasa lile neno gumu. Kiswahili chetu kina "ubaguzi", na ubaguzi una nia ndani yake, kubagua ni kutenga, huyu weka huku yule weka kule, unajua unachokifanya. Kinachotokea sana madarasani sio hicho, au niseme sio hicho tu. Kuna kitu kingine ambacho nakiita upendeleo wa rangi kwa kukosa neno bora, mizani imelalia upande mmoja na mwenye mizani hajui.

Mfano niliowapa kwenye group ni wa konda, na nikaambiwa nawadharau makonda, hapana, nisikilizeni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, daladala inasimama kituoni, watu wazima kumi na madenti sita wenye shati jeupe. Konda hajafikiria chochote, hajamchukia mtu yeyote, nyumbani kwake pengine ana mtoto wa darasa la tano ambaye muda huohuo yuko kituo kingine anahangaika, lakini mkono wake unanyanyuka wenyewe unaziba mlango: "Wanafunzi wawili tu!" Ameshazoea kwamba shati jeupe maana yake nauli ndogo na hesabu ya bosi kupungua. Ukimuuliza jioni kama anawachukia wanafunzi atakuapia kwa Mungu kwamba hapana, na atakuwa anasema kweli. Na angalia vitu viwili kwenye huo mkono. Kwanza, unanyanyuka haraka zaidi kukiwa na haraka, gari likiwa limejaa, dereva anapiga honi, saa nne asubuhi gari likiwa tupu hata denti anaitwa "njoo mdogo wangu". Pili, yule denti aliyeachwa kituoni miaka kumi na kitu iliyopita, leo akiwa konda, mkono wake nao unanyanyuka.

Shikilia huo mkono, tutarudi kwake.

Ushahidi uko wapi? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakiongozwa na Walter Gilliam waliwaita walimu wa chekechea wakawawekea video ya watoto wanne, mvulana mweusi, msichana mweusi, mvulana mzungu, msichana mzungu, wakawaambia angalieni vizuri mtuambie ni wapi panataka kutokea utundu. Utundu wenyewe haukuwepo kwenye video, watoto walikuwa waigizaji wanacheza tu. Wakati walimu wanaangalia, mashine ilikuwa inafuatilia mboni zao. Macho yalikaa muda mrefu zaidi kwa yule mvulana mweusi. Walipoulizwa ni mtoto gani aliyehitaji kuangaliwa zaidi, 42 kati ya kila 100 walimtaja yeye, na ingekuwa ni bahati nasibu angetajwa na 25. Halafu kuna sehemu ambayo watu wa pande zote mbili kwenye group huwa wanairuka: walimu weusi nao macho yao yalienda hukohuko. Si unamkumbuka denti aliyekuwa konda.

Mwaka mmoja kabla, Jason Okonofua na Jennifer Eberhardt wa Stanford walifanya kitu rahisi zaidi, waliwapa walimu karatasi ya makosa ya mwanafunzi, makosa madogo mawili, kuvuruga darasa na mengine ya aina hiyo, karatasi ni ileile ila jina ndo linabadilika, wengine wanaona Greg au Jake, wengine wanaona Darnell au Deshawn, majina ambayo Mmarekani akiyasikia anajua ni ya mweusi. Kosa la kwanza walimu hawakutofautiana sana. Kosa la pili ndo hapo, mwenye jina la kimweusi alionekana ni tatizo sugu, adhabu iwe kali, wengine wakaanza kumwona mbele ya safari akifukuzwa. Yaani Greg amekosea mara mbili, ila Deshawn ndo "alivyo". Mimi hili limenikaa kichwani kuliko yote kwa sababu nimejikuta nikifanya hivyohivyo Morogoro, sio kwa rangi, kwa watoto wa mtaa fulani ambao staff room nzima tulikuwa tumeshawaamulia.

Ukiyajumlisha hayo macho na hayo makosa ya pili kwa nchi nzima unapata hesabu ya serikali yenyewe: mwaka wa 2017–18 wanafunzi weusi walikuwa 15 kati ya kila wanafunzi 100, lakini kati ya kila 100 waliosimamishwa wakarudishwa nyumbani, weusi walikuwa 38. Mtu wa kwanza kwenye group akasema basi ni kwamba wao ndo watundu zaidi. Inawezekana kweli utundu ukatofautiana, sipingi, umaskini unaleta mambo mengi shuleni. Ila ukienda kuangalia wanaandikiwa nini, picha inabadilika. Kuna utafiti mmoja wa zamani kidogo, 2002, wa Russell Skiba na wenzake kwenye jiji moja la Indiana, uligundua wazungu walikuwa wanaandikwa zaidi kwa makosa yanayoonekana kwa macho, kuvuta sigara, kuharibu mali, kutoroka, na weusi wanaandikwa zaidi kwa makosa yanayotegemea mwalimu kaonaje, kukosa heshima, kelele, kuonekana wanatisha. Sigara ni sigara, iko mkononi au haiko. "Kukosa heshima" kunapimwaje? Hapo ndo mkono wa konda unapofanya kazi, kwenye zile sehemu ambazo sheria imemwachia mtu aamue mwenyewe.

Na watoto wetu sisi wana balaa la ziada hapo. Mtoto aliyelelewa Uvira au Kigoma akigombezwa na mtu mzima anainamisha kichwa, anaangalia chini, ndo adabu. Mwalimu wa huku anamwambia "niangalie nikiongea na wewe", mtoto anazidi kuinama kwa kuogopa, na kwenye karatasi inaandikwa mkaidi. Mimi mwenyewe kama mkalimani niliwahi kukalishwa kwenye kikao natakiwa kumtafsiria mzazi neno "ukaidi" kwa kitendo ambacho mzazi huyo alitumia miaka sita kukifundisha.

Turudi kwenye swali la mwenzetu, rangi ya mwalimu inahusiana nini na kujumlisha. Jibu la kushangaza ni kwamba inahusiana. Jimbo la Tennessee kuanzia 1985 lilifanya jaribio kubwa kwa watoto zaidi ya 11,000 kuanzia chekechea mpaka darasa la tatu, walitaka kujua kama madarasa madogo yanasaidia, kwa hiyo watoto na walimu waligawanywa madarasani kwa kura, bila kuchagua. Hiyo kura ndo dhahabu yenyewe, maana bila kukusudia kuna watoto weusi walioangukia kwa mwalimu mweusi na wengine hawakuangukia, na hakuna anayeweza kusema eti wazazi wao ndo walikuwa makini zaidi. Miaka mingi baadaye Seth Gershenson, Cassandra Hart, Constance Lindsay, Nicholas Papageorge na wenzao waliwafuatilia watoto hao wakiwa wakubwa. Waliokuwa wamepata hata mwalimu mmoja tu mweusi huko chini, kati ya kila 100, tisa zaidi walimaliza sekondari na sita zaidi walijiunga na chuo. Mwalimu mmoja! Kwa watoto wazungu kuwa na mwalimu mweusi hakukuwapunguzia kitu.

Kwa nini iwe hivyo? Kuna wanaosema mtoto anaona mfano wa kuiga, ni kweli lakini mimi naona maelezo hayo mepesi mno, mtoto wa miaka sita hakai anapanga maisha kwa kumtazama mwalimu. Maelezo yanayoniingia zaidi ni ya matarajio. Kwenye utafiti mwingine wa 2016 wa Gershenson na Papageorge pamoja na mwenzao Stephen Holt, waliangalia mwanafunzi mmoja wa sekondari ambaye walimu wawili tofauti wameulizwa kwa wakati mmoja: unafikiri huyu atafika wapi? Mwanafunzi ni yuleyule, alama ni zilezile. Akiwa mwanafunzi ni mweusi, mwalimu asiye mweusi alikuwa na matarajio ya chini waziwazi kwamba atamaliza chuo kuliko mwalimu mweusi. Na sote tuliowahi kushika chaki tunajua matarajio yanavyotembea, hayasemwi, yako kwenye unamsubiri mtoto sekunde ngapi baada ya kumuuliza swali kabla hujamgeukia mwingine, yako kwenye unamrudishia daftari akarudie au unamwambia "sawa, kaa". Mtoto anazihesabu hizo sekunde hata kama hajui kuhesabu.

Mambo ni hayohayo kwenye madarasa ya watoto wenye vipaji, ambayo huku ni mlango wa kupata masomo mazuri baadaye. Wilaya ya Broward kule Florida zamani mtoto alikuwa anaingia kwenye mtihani wa kipaji kama mwalimu au mzazi amempendekeza. Mwaka 2005 wakabadilisha, wakaanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili bila kusubiri mtu aseme. Uwezekano wa mtoto mweusi kuingia darasa hilo ulipanda kwa asilimia 80 na wa Mlatino kwa asilimia 130. Watoto walikuwepo siku zote, hakuna aliyewanyooshea kidole.

Kuna vitu kadhaa watu wanavielewa ndivyo sivyo, ngoja nivipitie. Cha kwanza, "kwa hiyo mnataka weusi wafundishwe na weusi, huo nao si ubaguzi?" Hapana, na haiwezekani hata kwa hesabu, weusi 6 kati ya walimu 100 hawawatoshi. Kinachoongelewa ni mtoto kukutana na watu tofauti katika miaka 13 ya shule, na mzungu naye akutane nao. Mwalimu mzungu mzuri ni mwalimu mzuri, mtoto wangu wa pili kafundishwa kusoma na mama mmoja mzungu wa kijijini huku ambaye ningempa tuzo kama ningekuwa nayo.

Cha pili ni cha kwetu wenyewe: "hayo ni ya Wamarekani weusi, sisi ni Waafrika, wanatuheshimu." Ndugu yangu. Siku ya kumwandikisha mtoto ulijaza fomu yenye kisanduku cha rangi, na kwa tafsiri ya serikali ya Marekani kisanduku cha weusi ni cha mtu yeyote mwenye asili kwenye makabila meusi ya Afrika. Mbembe wa Fizi na mtoto aliyezaliwa Louisville ambaye ukoo wake uko hapa karne tatu wanaingia kisanduku kimoja, na yale macho kwenye video hayaulizi pasipoti.

Cha tatu ndo kinachorudiwa sana, kwamba walimu weusi ni wachache kwa sababu weusi wa Marekani hawataki ualimu, wanataka mpira na muziki. Hapa naomba tutulie kidogo, maana mi mwenyewe niliamini hivi kwa muda mrefu, na nilipokuja kujua kilichotokea nilikaa nikainama.

Mpaka 1954 kwenye majimbo 17 ya kusini na ya mpakani sheria ilitaka shule zitengwe, watoto weusi kwao, wazungu kwao. Shule za weusi zilinyimwa kila kitu, vitabu vilivyochakaa, majengo mabovu. Kitu kimoja tu hazikukosa, walimu. Ualimu ulikuwa miongoni mwa kazi chache za heshima ambazo mweusi aliyesoma aliruhusiwa kuzifanya, kwa hiyo vichwa vizuri vyote viliishia hapo. Tena kuna kituko kimoja: majimbo ya kusini hayakutaka weusi wasome shahada za juu kwenye vyuo vikuu vyao, yakawa yanawalipia ada wakasome kaskazini, kwa hiyo unakuta kashule kabovu kijijini Alabama kana mwalimu aliyetoka New York na shahada ya uzamili.

Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa, ikatoa hukumu ya kesi ya Brown dhidi ya bodi ya elimu ya Topeka, Kansas, kwamba kuwatenga watoto kwa rangi ni kinyume cha katiba. Wakili wa familia za weusi, Thurgood Marshall, na wenzake wakashangilia, na walistahili. Hukumu ilizungumzia watoto. Walimu haikuwagusa. Wazungu wa maeneo mengi walipoona hawana jinsi wakakubali mtoto mweusi akae darasa moja na mtoto wao, lakini mwalimu mweusi asimame mbele ya mtoto mzungu, amwambie nyamaza, amsahihishie daftari? Hilo hapana. Ikawa shule za weusi ndo zinafungwa, watoto wanahamishiwa za wazungu, mkuu wa shule mweusi anakuwa msaidizi au anapewa kazi ya kusimamia mabasi na usafi, walimu wanaambiwa nafasi zimejaa. Inakadiriwa kati ya 1954 na 1965 walimu na wakuu wa shule weusi kama 38,000 walipoteza kazi kwenye majimbo hayo.

Na wala haikuwa bahati mbaya. Machi 1953, mwaka mzima kabla ya hukumu, ofisa elimu wa Topeka, Topeka ileile ya kesi, alishaandika barua kwa walimu weusi kuwaambia kwamba mahakama ikikataza utengano, bodi itachukulia kwamba watu wengi wa mji hawatataka kuajiri walimu weusi wa kufundisha watoto wazungu, kwa hiyo mkataba wa mwaka ujao wasiutegemee. Fikiria umekaa umetoka darasani, chaki bado kwenye vidole, unafungua bahasha ya namna hiyo. Sasa mwanao anayekuona siku hiyo, utamwambia asome ualimu?

Kwa hiyo uchache huu ulitengenezwa. Mbegu ilichomwa, halafu miaka sabini baadaye watu wanashangaa shamba halina mahindi.

Siku hizi hakuna barua kama ile, ila kuna vizingiti vyake. Ili uwe mwalimu unahitaji shahada, na shahada huku ni mkopo, kisha muhula mzima wa mazoezi ya kufundisha ambao kwa kawaida haulipwi, mtu asiye na mzazi wa kumlisha atakula nini? Kisha mitihani ya leseni ya kulipia. Kisha mshahara ambao mwenye shahada hiyohiyo akienda kampuni anauzidi. Na ukishaingia kuna kile ambacho John King, waziri wa elimu wa Obama, mwaka 2016 alikiita kodi isiyoonekana: mwalimu mweusi ndo anaitwa kila mvulana mweusi akivuruga darasa la mwingine, mwalimu anayejua Kihispania ndo mkalimani wa shule nzima, na hayo yote hayapo kwenye mshahara. Mimi ni msaidizi tu, lakini Jumanne moja nilitolewa darasani mara nne kwenda kuongea Kiswahili kwenye simu ya ofisi, hesabu zangu na watoto zikalala.

Basi si waajiri tu weusi kwa wingi, yaishe? Hapa ndo watu wa "wazungu sasa hawapati kazi" nao wanakosea. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inakataza kumwajiri au kumnyima mtu kazi kwa rangi yake, rangi yoyote. Mji wa Jackson, Michigan, uliwahi kuweka mkataba wa kuwalinda walimu wasio wazungu wakati wa kupunguza kazi, walimu wazungu wenye miaka mingi wakapunguzwa, wakashtaki, na 1986 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi, hata hoja kwamba watoto wanahitaji mfano wa kuiga haikutosha kuuokoa mkataba. Kwa hiyo kinachofanyika kihalali ni kupanua mlango wa kuingilia, sio kuchagua rangi mezani. Chuo Kikuu cha Clemson, South Carolina, kina mpango unaitwa Call Me MiSTER wa kuwasaidia vijana wa kiume, hasa weusi, wasome ualimu, wapate ada na walezi wa kuwashika mkono. Wilaya nyingine zinawasomesha wasaidizi wa darasa na madereva wa mabasi wapate leseni, na hapo ndo mi nimeweka jina langu.

Zile hela zilizokatwa ndo za mambo ya namna hiyo. Februari 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilifuta ruzuku za zaidi ya dola milioni 600 za kuandaa walimu ikisema zinatumika kueneza itikadi za kuwagawa watu. Majimbo manane yakaenda mahakamani, na Aprili 4 Mahakama ya Juu kwa kura 5 kwa 4 ikaruhusu hela zibaki zimezuiwa wakati kesi inaendelea. Unaweza kuipenda hatua hiyo au kuichukia, ila ujue sehemu kubwa ya hela hizo zilikuwa zinamlipia mtu ada ya ualimu kwenye maeneo ambayo shule zinakosa walimu wa rangi yoyote.

Kuhusu mkono wa konda wenyewe, kuuombea hakusaidii na semina ya siku moja nayo, kwa niliyoyaona, watu wanakula keki wanarudi vilevile. Kinachosaidia ni kupunguza zile sehemu ambazo mkono unaamua peke yake. California walikataza kumsimamisha mtoto mdogo kwa kosa la "ukaidi" kuanzia 2015, darasa la tatu kushuka chini, wakapandisha kidogokidogo hadi 2024 ikafika sekondari yote. Ukitaka kumrudisha mtoto nyumbani sharti utaje alichofanya. Kentucky yetu hiyo hatuna.

Yule mama wa Uvira nilienda naye kwenye kikao. Tulianza na mambo mawili ambayo kila mzazi humu anaweza kuyadai: mkalimani wa bure anayeletwa na shule, ambayo ni haki inayotokana na ileile sheria ya 1964 (usikubali mwanao akutafsirie kesi yake mwenyewe), na karatasi iliyoandikwa kosa. Karatasi ikaja. Imeandikwa "kusukumana" na chini yake "alikataa kusikiliza". Mwalimu alikuwa msichana mdogo tu, mwaka wake wa kwanza kazini, watoto 26, saa tano na nusu, foleni inaelekea kantini. Sio mtu mbaya, alikuja na michoro ya mtoto aliyokuwa ameitunza kwenye faili.

Mama akasikiliza yote, mikono imeshika mkoba, halafu akanigeukia. "Mumuulize, ile siku batoto bote batatu balisukumana. Yeye aliona bangapi?"

Nikauliza. Yule msichana akaangalia karatasi, akamwangalia mkuu wa shule msaidizi, akarudi kwenye karatasi. Akasema nilimwona yeye. Wale wawili wengine niliambiwa na watoto baadaye, nikaongea nao.

Neno "kusimamishwa" lilifutwa kwenye faili la mtoto, ikabaki "ameonywa". Zile siku mbili za kazi ambazo mama alikosa kule ghalani kwa kukaa na mtoto nyumbani hakuna aliyeziongelea, na kwenye group bado wanabishana.